Orodha Niliyoibeba Nyumbani

Zzzip.

Kidogo tu, kama mtu anayeogopa kuamsha watu. Kulikuwa bado giza, umeme umekatika, mwanangu Chiriku kanilalia mkono. Nikaupeleka mkono wa pili upande wa mume wangu. Shuka lilikuwa limepoa.

Zipu ya mkoba wangu naijua. Hukwama katikati, ukiivuta inalalamika. Ikakwama. Ikalalamika. Ikafunguka.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua mle ndani mlikuwa na nini. Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, nimweleze aibu yangu ilipokuwa imefikia.

Mimi ni karani wa masijala katika ofisi ya mawakili wa serikali, kitengo kinachofuatilia fedha za umma zilizoliwa. Mtu akilipwa kujenga asijenge, akilipwa kuleta dawa asilete, faili lake linatua kwangu kwanza ndipo liende kwa wakili. Mchana nabeba mafaili, jioni nasomea cheti cha sheria. Nami nina ndoto zangu.

Faili lililonitia kitanzi ni la mkandarasi aliyelipwa kujenga wodi ya wazazi. Alichimba msingi, akapandisha kuta hadi usawa wa madirisha, akatoweka na pesa zote. Mahakama ilimwamuru arudishe. Hakurudisha hata senti. Wakili wetu akapata amri ya kukamata malori na makatapila yake, yapigwe mnada, wodi imaliziwe.

Wiki iliyopita niliwasimulia nilivyogundua kwamba kampuni anayoiendeshea lori mume wangu ni ya mkandarasi huyohuyo, kabadilisha jina tu. Kwetu ofisini, faili likimgusa ndugu yako unaandika mistari miwili, unakaa pembeni. Mimi sikuandika hata nusu mstari. Mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni, na niliona haya kuitwa mke wa mtu wa upande wa pili.

Basi hapo ndipo tulipo. Mkoba, giza, na mume wangu sebuleni.

Kuna kanuni nyingine sikuwaeleza. Orodha ya mali ya kukamatwa haiandikwi siku moja kabla. Huandikwa asubuhi ileile, ofisini, mlango umefungwa, ikatiwa kwenye bahasha na kupigwa muhuri juu ya gundi. Dalali wa mahakama, yule anayekwenda kukamata mali, huifungua akiwa ameshakaa ndani ya gari. Wakili wangu ana msemo wake: "Orodha ikilala, mali inaamka."

Mimi niliilaza. Asubuhi zangu ni za mbio: kumvalisha mtoto, kumpa uji, kuwahi kazini. Jioni ile nikajiambia nitangulize kazi kabla ya kwenda darasani, kesho nibaki na muhuri tu. Nikaandika malori sita na makatapila mawili. Nilipofika mstari wa nne vidole vikasita. Namba ya lori la mume wangu sikuhitaji kuisoma. Miaka minne nimekuwa nikichungulia dirishani kuona kama limeingia mtaani kwetu.

Nikaandika. Nikatia karatasi mkobani. Nikaenda darasani, na somo la siku ile, msicheke, lilikuwa utunzaji wa siri za mteja.

Sasa nasikia karatasi inakunjuliwa. Mwanga wa simu ukapita chini ya mlango. Kisha mlio mdogo wa kamera.

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema, "Baba Chiriku, unafanya nini huko?" Kukohoa tu kungetosha, ninavyomjua angekurupuka akairudisha.

Nilijifunika shuka hadi kichwani.

Nimeandika mengi kwenye gazeti hili, lakini hili sijawahi kumwambia mtu: sikuibiwa nikiwa usingizini. Nilikuwa macho. Nilihesabu kurasa zikigeuzwa, ya kwanza, ya pili, na moyoni nikasema labda ni vizuri, labda lori litapona, ada ya mtoto italipwa, na mimi nitakuwa sijafanya kitu.

Asubuhi nikapiga muhuri. Bahasha ilikuwa safi kabisa.

Saa nne dalali akarudi. Ni mtu mnene, mcheshi, kofia haimtoki kichwani. Siku hiyo aliivua.

"Mwanasheria," akamwambia wakili wangu, "nimekuta uwanja umefagiwa."

"Umefagiwa vipi?"

"Kwa ufagio! Hakuna lori, hakuna katapila, hakuna hata pipa la mafuta. Mlinzi ananikaribisha kiti, ananiuliza kama nitakunywa maji. Anasema, 'Mzee, mngepiga simu kabla ya kuja.' Miaka kumi na tisa nakamata mali za watu, sijawahi kuchekwa na mlinzi."

Wakili wangu tunamwita Mama Kifungu, kwa kuwa hata ukimsalimia atakutajia kifungu cha sheria. Ni mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, viatu vya kushindia anaviweka chini ya meza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Amri ya mahakama imebakiwa na siku ngapi?" akaniuliza.

"Nne, mama. Ijumaa inakwisha."

"Ikiisha tunaanza moja. Na tukianza moja, atakuwa ameshauza kila kitu."

Kabla ya saa sita mkuu wa kitengo alikuwa ameshatuita. Alikuwa amesimama, kalamu mkononi, kama mwalimu wa zamu.

"Orodha hii waliijua watu watatu," akasema. "Wakili, karani, dalali. Nani kaivujisha?"

"Wanne," akajibu Mama Kifungu. "Nawe uliisaini."

"Usinifanyie mzaha!"

"Sifanyi mzaha, nakuhesabu."

Dalali akakohoa kuficha kicheko. Mkuu akanigeukia mimi.

"Wewe binti. Uliiandika lini?"

Nikasema, "Leo asubuhi, bosi."

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa."

"Haikutoka nje ya ofisi?"

Sikuwahi kujibu. Mama Kifungu aliniwekea mkono begani. Mkono mdogo, wa moto.

"Huyu muache. Huyu namjibia mimi. Nimemlea kwenye kazi hii tangu hajui kufunga faili kwa kamba. Kama kuna wa kuwajibishwa, faili ni langu, niwajibishe mimi."

"Basi nakuwajibisha," akasema mkuu. "Mpaka Ijumaa saa kumi, malori yawe yamepatikana. Yasipopatikana, unakabidhi mafaili yote na barua yako inakwenda kwenye kamati ya nidhamu. Watu wanasema mawakili wa serikali tunakula meza moja na wanaotuibia. Sitaki kwangu waseme hivyo."

Nilitazama sakafu. Palikuwa na kibanio cha karatasi kimeanguka, nikakikodolea macho kama dhahabu. Bega langu lilikuwa bado na joto la mkono wake, na mimi nimenyamaza. Nilinyamaza mpaka tukatoka, nikanyamaza kwenye korido, nikaenda chooni kunyamaza peke yangu.

Jioni sikwenda darasani. Nilimkuta mume wangu kakaa kwenye kigoda, anavua buti, udongo mwekundu umemwagika kwenye kapeti nililopiga deki mwenyewe.

"Umenifanya nini, Baba Chiriku?"

"Nimekufanyaje tena?"

"Mkoba wangu."

Akaacha buti moja mguuni. "Wewe si ulikuwa umelala?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa huo, wazi.

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Nadhani alijua. Mkilala kitanda kimoja miaka saba mnajuana hata pumzi. Lakini hakunisuta, nami sikumsuta, tukawa kama wezi wawili waliokutana dukani wakasalimiana.

"Mama Chiriku, nisikilize. Lori likikamatwa, tunakula nini? Tajiri ana miezi miwili hajanilipa. Kasema malori yakinusurika, Ijumaa ananipa zangu zote."

"Na wewe ukaamini."

"Wewe huamini hicho cheti chako kitatulisha? Kila mtu na imani yake."

"Wakili wangu anafukuzwa kazi!"

"Wakili hafi njaa. Na zile ni pesa za serikali, hazina mwenyewe."

Hapo nikapandwa na hasira, ingawa najua sikustahili kuwa nayo.

"Hazina mwenyewe? Chiriku nilimzalia wapi?"

Akaligeuzageuza buti mkononi.

"Sema! Nilimzalia wapi?"

"Kwenye benchi," akasema chinichini.

"Kwenye benchi la korido. Wewe umeshika khanga kwa mikono miwili kama pazia, watu wanapita na ndoo, nesi anakwambia inua juu kidogo baba, panaonekana. Hiyo wodi ilikuwa yangu. Tajiri wako amekula kitanda changu!"

Akainamisha kichwa. Kidole gumba kilikuwa kimetokeza kwenye soksi. Nilimwonea huruma, na huruma ile ikaniudhi zaidi.

"Malori yako wapi?"

"Usiniulize. Usipojua, hutadanganya."

"Leo nimeshadanganya mara mbili, Baba Chiriku. Na ya tatu nimekudanganya wewe."

Hakuuliza ya tatu ni ipi. Akavua buti la pili.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Dalali alizunguka gereji zote, viwanja vyote vya kuegesha magari makubwa, mpaka kwenye machimbo ya mchanga. Akawa anarudi kila jioni kofia mkononi. Mama Kifungu hakupaza sauti hata mara moja. Alipanga mafaili yake kwa tarehe, akaniandikia kwenye kila jalada kesi inakwenda lini, ni nani wa kupigiwa simu, nani ni mwongo, nani ni mwongo lakini anaogopa. Mara tatu nilisimama mlangoni kwake, nimejikaza, maneno nimeyapanga. Mara tatu nikamwuliza kama anataka chai.

Ijumaa saa nane akachukua sanduku lake na viatu vyake vya chini ya meza, akaondoka mapema. Sikuthubutu kumsindikiza hadi langoni. Mkuu aliniruhusu nami niende, maana hapakuwa na faili la kubeba.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimebadilisha nguo mlango ukabishwa.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ya Mama Kifungu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Karibu, mama."

Aliingia na vumbi lake, akakaa kwenye kiti kilicholegea mguu, akakiweza. Mume wangu alikuwa nyumbani, tangu juzi hakuwa na safari. Aliinuka kumsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za kazi?"

"Kazi imelala kidogo."

"Ya kwangu nayo leo imelala," akasema, akacheka peke yake. Mume wangu akarudi nyuma hadi kwenye pazia la chumbani, akasimama hapo, hakuingia wala hakutoka.

Mama Kifungu akafungua mkoba, akanipa bahasha. Haikuwa na muhuri.

"Barua ya kukudhamini ujiunge na stashahada. Nimeisaini leo mchana, sahihi yangu ingali ina uzito. Kuanzia saa kumi haitakuwa na maana."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika tano.

"Soma basi."

Nikasoma. Mstari wa kwanza jina la chuo. Mstari wa pili miaka niliyofanya kazi. Mstari wa tatu ukaanza hivi: *Ni mwaminifu kuliko wote niliowahi*. Herufi zikaogelea. Sikufika mwisho wa sentensi.

"Mbona hivyo, mwanangu? Ni barua tu."

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Orodha. Niliiandika jioni, siyo asubuhi. Nikaja nayo nyumbani. Ililala hapa, mama, kwenye mkoba huu, juu ya meza hii."

Hakusogea. Nje jirani alikuwa anafua nguo, pwaa, pwaa. Mama Kifungu akavua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, yamechoka, kama ya mtu niliyekuwa simjui.

"Nilikujibia," akasema taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Niliweka mkono wangu hapa." Akajigusa bega lake mwenyewe, kana kwamba mimi ni yeye.

Sikuweza hata kusema samahani. Neno lenyewe lilionekana dogo, la mtu aliyekukanyaga mguu sokoni.

"Nani aliiona?"

Nyuma yangu pazia likatikisika. Sikugeuka. Nilijua amesimama vipi: mkono mmoja ukutani, mwingine mfukoni unachezea funguo za lori. Nilijua nikisema neno moja, baba wa mtoto wangu anakwenda ndani. Na nikinyamaza, huyu mwanamke aliyenifundisha kufunga faili anakwenda nyumbani na doa ambalo halitamtoka mpaka kufa.

"Nani aliiona, mwanangu? Muda haupo. Nikijua nani, najua wapi pa kuuliza."

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa nimelala."

Nilitubu nusu, nusu nikaizika. Kutubu kwa nusu, nawaambieni, kunauma kuliko uongo mzima, kwa sababu mwenyewe unajisikia unavyochagua.

Akavaa miwani. Akainuka. Aliponyoosha mkono nikadhani anataka barua yake, nikampa. Hakuipokea. Alikuwa anatafuta ukuta wa kujishika.

Wakati huohuo Chiriku akaingia, anatoka shule. Mtoto wa miaka sita, sare imegeuka rangi, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo bibi! Shikamoo mama! Shikamoo baba! Nina njaa!"

Mama Kifungu, pamoja na yote, akatabasamu. "Marahaba. Ndiyo wewe Chiriku? Vumbi lote hili, mlikuwa mnacheza mpira?"

"Hatuchezi siku hizi. Mwalimu amekataza."

"Kwa nini?"

"Uwanja umejaa."

"Umejaa nini?"

"Chiriku!" Sauti ya baba yake ikapasuka toka kwenye pazia. "Nenda ukaoge. Sasa hivi."

Mtoto akashtuka. Hajazoea kupigiwa kelele na baba yake, ndiye anayembeba mabegani. Akamtazama. Akamtazama mgeni. Kisha akanigeukia mimi, macho yameanza kujaa, akingoja nimwambie yupi wa kumtii.

Mama Kifungu alikuwa amesimama wima, ameacha kushika ukuta.

Mume wangu akanitazama. Sijawahi kuona uso wake ukiwa uchi kiasi kile. Alikuwa ananiomba, bila sauti, nifanye kile nilichofanya alfajiri ile. Ninyamaze tu.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo.

Na mimi, niliyeshindwa kukohoa gizani, niliyeshindwa kusema mbele ya mkuu, niliyetubu nusu nikameza nusu, nikapiga magoti mbele ya mtoto wangu mwenyewe na kumfuta vumbi usoni kwa kiganja. Najua nilichokuwa namtwisha. Nilikijua kabla sijafungua mdomo, na nikaufungua.

"Mjibu bibi, mwanangu," nikamwambia. "Uwanja umejaa nini?"

Akavuta makamasi.

"Malori ya kazini kwa baba yamelala shuleni kwetu."